Maswali ya Jikoni: Mbavu za kitimoto kwenye slou kuka, mbona hazitoki kama za mkaani?

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu haya masufuria ya umeme yanayopika polepole, yale mnayoyaita slou kuka, na nikasema ni mazuri kwa mbavu. Nilijitakia. Maswali yamekuja mengi mpaka nimeamua safu nzima ya leo iwe ya mbavu, wa keki na wa maandazi mnisubiri.

SWALI: Shikamoo anti. Nimenunua slou kuka Kariakoo, ile ya lita sita. Jumapili nikaweka mbavu za kitimoto kilo moja na nusu, nikakata vitunguu, nyanya, nikaweka maji mpaka yakafunika nyama, alafu nikamwagia chupa nzima ya sosi ya babikyu. HIGH masaa matano. Nyama ililainika kweli sikatai, ila ilikua nyeupeee, haina ladha, na ile sosi imegeuka supu. Mume wangu alikula akasema asante kwa mchemsho. Nakosea wapi? – Mama Wawili, Kimara

JIBU: Marahaba mama. Mume wako hajakosea, ule ulikua mchemsho kabisa. Tatizo ni maji. Watu wengi tumezoea sufuria la mkaani ambalo mvuke unatoka mpaka maji yanakauka, kwaiyo mkono unajiendea wenyewe kwenye jagi. Slou kuka mvuke hautoki, unapanda unagonga mfuniko unarudi chini, na nyama ya nguruwe yenyewe inatoa maji yake na mafuta yake mengi tu, yani ukiweka mbavu kavu kabisa asubuhi, jioni utakuta vikombe viwili vya mchuzi ambao hukuuweka wewe. Sasa na wewe umeweka maji juu yake, na nyanya nazo ni maji, ladha yote imeoga ikaondoka.

Elewa kwanza hili jiko linafanya nini ndo utajua ulisaidie wapi. Mbavu ni ngumu kwa sababu ya ule utandoutando na nyuzi zinazoshika nyama kwenye mfupa, wataalamu wanaita kolajeni. Hiyo kitu kwenye moto mkali wa haraka inajikunja tu inakaza, ndo maana ukichoma mbavu mbichi moja kwa moja juu ya mkaa unaweza kutafuna mpaka kesho. Ila ukiishikilia kwenye joto la digrii 70 kwenda 95 kwa masaa kadhaa inayeyuka yenyewe inakua jelatini, ule utelezi unaonata midomoni. Hapo slou kuka hana mpinzani. Lakini rangi ya kahawia, ukavu wa juu, harufu ya kuchoma, vyote hivo vinataka joto kavu la zaidi ya digrii 140 hivi, na ndani ya slou kuka kuna mvuke na joto halivuki kuchemka kwa maji. Hata ukiacha siku nzima hautapata. Kwaiyo kazi yake ni kulainisha. Ladha unaiweka kabla, na uchomaji unaufanya baada. Ukiipa kazi zote tatu itakupa mchemsho kila siku.

Sasa fanya hivi. Kwanza buchani. Wauza kitimoto wengi wakisikia mbavu tu wameshainua panga, tap tap tap, vipande vya rosti. Muwahi. Mwambie akuachie ubavu mzima, usikatwe kabisa, au akugawie vipande viwili vyenye mifupa mitano sita kila kimoja vienee kwenye sufuria. Vipande vidogo vinavuja maji kila upande na hauwezi kuvigeuza mkaani baadae, vitadondokea kwenye majivu.

Ukifika nyumbani geuza upande wa mifupa. Kuna utando mweupe unang'aa umekaza. Ingiza mkia wa kijiko chini yake kwenye mfupa wa katikati, nyanyua, shika na tishu maana unateleza, vuta. Mara nyingi unatoka wote kwa pamoja, na kama unakatikakatika usigombane nao sana. Ukiuacha haumuui mtu ila viungo havipenyi upande huo na ukila unakua kama unatafuna nailoni.

Viungo vya kupaka, kwa kilo moja na nusu: vijiko viwili vya chakula vya sukari guru uliyoiparaza (sukari ya kahawia sawa pia), kijiko kimoja cha chakula cha paprika, kijiko cha chai kilichojaa cha chumvi, kijiko kimojakimoja cha chai cha pilipili manga, kitunguu saumu cha unga na binzari nyembamba, na pilipili kichaa ya unga kwa kadiri ya roho yako. Changanya, paka pande zote, sugua. Funika uache kwenye friji usiku kucha. Hii ya usiku kucha watu huwa wanairuka, na ndo inayofanya tofauti, chumvi inahitaji muda wa kuingia ndani mpaka karibu na mfupa. Kama huna usiku basi hata masaa mawili.

Asubuhi kata vitunguu viwili duara nene panga chini ya sufuria, simamisha mbavu zikizunguka ukuta, upande wa nyama uangalie ukuta na mifupa iangalie katikati. Kwa nini? Ukuta ndo una joto, na zikisimama mafuta yanachuruzika chini badala ya nyama kulala ndani yake. Maji usiweke. Kama moyo unakusuta weka robo kikombe cha siki na basi. LOW masaa sita mpaka saba, au HIGH masaa matatu na nusu mpaka manne. Ukiwa na nafasi chagua LOW. Majiko mengi ya aina hii LOW na HIGH zinafika karibu joto lilelile mwishoni, tofauti ni LOW inapanda taratibu, nyama inapata muda wa kuyeyuka bila kunyauka. Na tafadhali usifunuefunue. Kila ukifunua joto linakimbia na unajiongezea kama nusu saa. Funua saa ya sita, siyo kila ukipita kwenda chooni.

Utajua ziko tayari nyama ikijivuta ikaacha ncha ya mfupa wazi kama sentimita moja, na kijiti cha meno kikaingia bila kubishana. Kama una kipimajoto basi digrii 90 mpaka 95 katikati ya mifupa.

Sosi hauiweki kwenye sufuria, unaipika pembeni. Kikombe kimoja cha kechapu (ile tomato sosi nyepesi ya chipsi haifai, ni maji na rangi), robo kikombe siki, theluthi moja ya kikombe sukari guru, kijiko cha chakula cha haradali, kijiko cha chakula cha sosi nyeusi ya Worcestershire kama ipo, na kama haipo weka ukwaju uliokamuliwa mzito, wala hautajuta. Chumvi kidogo, pilipili. Chemsha moto mdogo dakika kumi na tano ishirini mpaka ikang'ang'anie mwiko.

Alafu washa mkaa. Hapa ndo mchemsho unakua mbavu. Toa nyama kwa miiko miwili mipana maana itataka kukatika, iache kwenye sinia dakika kumi ikaze kidogo na juu ikauke. Mkaa uwe umeshapoa ule ukali wa kwanza, usiwe na ndimi za moto. Anza na upande wa mifupa, paka sosi juu, dakika tatu, geuza, paka, dakika mbili, rudia. Simama hapohapo, usiende kusalimia wageni, sosi ina sukari na sukari inaungua fasta na ikiungua ni chungu. Mwenye oveni atumie moto wa juu peke yake, dakika tatu mpaka tano, mlango hata ukiwa wazi kidogo ili uone.

Ndizi za kukaanga, kachumbari yenye ndimu ya kutosha. Mume atarudisha maneno yake.

SWALI: Anti habari ya kazi. Sijui umeme lakini nauliza, dada yangu kaniletea Crock-Pot kutoka Marekani, nzuri imeandikwa 120V. Naweza kuchomeka tu na adapta? – Binti wa Moshi

JIBU: Usithubutu. Ile adapta ya elfu mbili inabadilisha umbo la plagi tu, haibadilishi umeme. Huku kwetu umeme ni volti 230, ukichomeka kifaa cha 120 kinavuta nguvu karibu mara nne ya uwezo wake, utasikia harufu kabla hujasikia nyama. Unahitaji transfoma ya kushusha, na angalia wati zilizoandikwa chini ya sufuria, nyingi za lita tano sita ni kati ya 200 na 300, kwaiyo nunua transfoma inayozidi hapo kwa mbali, 500 ni salama, kwa sababu itakaa imewaka masaa nane. Na ukijumlisha bei ya transfoma unaweza kukuta ni bora ununue ya huku tu, hiyo ya dada uiweke kabatini kwa heshima.

SWALI: Jambo mama. Mimi ni mtu wa Bukavu lakini sasa naishi Kansas City, Missouri. Hapa mbavu ni kama dini. Nilipika za slou kuka nikapeleka kazini, mmoja akaniambia "hii si babikyu", mwingine akasema nimezipika mno kwa sababu nyama inaanguka kwenye mfupa. Kwetu nyama kuanguka ni sifa! Nani ako sahihi? – Baba Furaha

JIBU: Baba Furaha umeenda kuuza maji kisimani, kupeleka mbavu Kansas City! Lakini ngoja nikupe silaha ya kurudi nayo kazini. Hiyo Crock-Pot yenyewe imetoka mji huohuo. Kampuni ya Rival ya Kansas City ndo iliyoiingiza sokoni kwa jina hilo mwaka 1971, baada ya kununua kampuni ya bwana mmoja wa Chicago, Irving Naxon, aliyekua na sufuria lake la kupikia maharage. Naxon alikua Myahudi, na wazo alilipata kwenye simulizi za mamake kuhusu cholent, kile chakula cha maharage na nyama ambacho Wayahudi wa kule Lithuania walikua wanakipeleka kwenye tanuri la mwoka mikate Ijumaa kabla jua halijazama, kinaiva usiku kucha kwenye joto la taratibu ili Sabato mtu asiwashe moto. Kwaiyo wakikucheka waambie sufuria ni la kwao.

Sasa kwenye ubishi wenyewe. Aliyesema si babikyu ana haki yake. Kwa watu wa huko babikyu ni moshi, nyama inakaa masaa kwenye joto la chini, digrii 107 mpaka 120 hivi kwa vipimo vyetu, na kuni za hikori au mwaloni zinafuka pembeni. Mji wenyewe unamtaja Henry Perry kama baba wa mapishi hayo, mtu mweusi aliyetokea karibu na Memphis akaanza kuuza nyama ya moshi Kansas City mwanzoni mwa karne iliyopita, ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Slou kuka haina moshi, hilo hatuwezi kubishana. Unachoweza kufanya ni kuzimalizia nje kwenye grili ya mkaa, tupia vipande viwili vya kuni za hikori zinazouzwa kwenye mifuko, funika mfuniko wa grili dakika kumi na tano, utapata moshi wa juu wa kutosha kumnyamazisha mtu asiye mkali sana. Ipo pia ile ya chupa, moshi uliopozwa ukawa maji. Tone mbili kwenye sosi sawa. Ukizidisha mbavu zinanukia mtu aliyenusurika nyumba kuungua.

Kuhusu nyama kuanguka, wote mko sahihi ila mnaongelea vitu viwili. Kwenye mashindano ya babikyu majaji wanataka ukiuma, pale ulipouma tu ndo patoke, alama ya meno ibaki, na nyama nyingine iendelee kushika mfupa. Ikianguka yote wanahesabu imepitiliza. Nyumbani watu wengi, hata hukohuko Marekani, wanaipenda ikianguka. Mi mwenyewe nipo katikati, naitaka ikubali kutoka lakini iombwe. Ukitaka za kupeleka kazini toa kwenye LOW baada ya masaa matano na nusu badala ya saba, maliza kwenye grili. Na hapo nazungumzia zile mbavu fupi za mgongoni wanazoziita beibi baki, ambazo wala si za nguruwe mtoto, zimeitwa hivo kwa ufupi wake tu. Zile pana za tumboni zina mafuta zaidi na mfupa mkubwa, zipe masaa saba mpaka nane.

Sosi ya huko ni nzito, ya nyanya na molasi, tamu. Ukichoka nayo pika ya Karolaina ya Kaskazini upande wa mashariki: siki, pilipili ya vipande, chumvi, sukari kidogo sana, basi, haina hata nyanya. Watu wetu waliozoea ndimu na pilipili kwenye nyama wanaielewa haraka kuliko ile tamu. Memphis nao wana mbavu kavu za viungo tupu bila sosi. Usiwaambie wa Kansas City kama nimekuambia mimi.

SWALI: Anti mi huwa naweka papai bichi kwenye nyama ngumu. Niweke na kwenye mbavu za slou kuka ziwahi? – Mdau, Mbeya

JIBU: Hapana. Papai bichi ni dawa ya mishkaki, pale ambapo nyama inakutana na moto dakika chache. Papai lina papeini inayokatakata protini, ila linafanya kazi juujuu tu na halibagui. Ukiongeza na masaa saba ya joto, juu inakua uji na ndani iko vilevile. Mbavu haziitaji msaada huo, zinahitaji muda. Nyie wa Mbeya mna nguruwe wazuri sana, ila kama ni jike lililokwisha zaa mara kadhaa ongeza saa moja au mbili kwenye LOW, usiongeze papai. Na magadi pia hapana, najua utauliza.

SWALI: Nimesikia kitimoto kinaleta kifafa na minyoo ya kichwani, na hiyo LOW mbona ni moto mdogo, je wadudu wanakufa? Naogopa kuwapa watoto. – Mama Junior, Iringa

JIBU: Swali zuri mama Junior na majibu ya mtaani kwenye hili yana makosa mengi, kwaiyo nisome taratibu.

Kuna tegu wa nguruwe. Kwenye nyama yenye ugonjwa unaona vifuko vyeupe vya maji, ukubwa wa punje ya mchele au kunde, ndani ya msuli. Ukila nyama hiyo ikiwa haijaiva, unapata tegu tumboni, mnyoo mrefu. Hicho ndo kinachotoka kwenye nyama. Kifafa kinakuja kwa njia nyingine: mtu mwenye tegu tumboni anatoa mayai kwenye choo kikubwa, mayai yanafika mikononi, kwenye maji, kwenye mchicha, mtu mwingine anayameza, na hayo ndo yanayoweza kusafiri mpaka kwenye ubongo. Ina maana hata asiyegusa kitimoto maisha yake yote anaweza kupata, kama jirani ana tegu na choo hakuna. Nguruwe naye anapata akizurura akila uchafu huo. Kwaiyo kinga ya kifafa ni choo, sabuni, na kuosha mboga, pamoja na nguruwe kufungiwa bandani.

Kuhusu LOW, jina linakudanganya. Inaanza taratibu ila inafika juu ya digrii 90. Mamlaka za chakula za Marekani zinasema nyama ya nguruwe isiyosagwa ikifika digrii 63 katikati na ikapumzika dakika tatu ni salama. Mbavu zetu zinapita hapo mbali na kukaa masaa. Hakuna tegu anayesalimika humo.

Ila hiyo siyo ruhusa ya kununua nyama ya uchochoroni. Nunua yenye muhuri wa mkaguzi, na ukiona hivo vifuko usipike, usimpe mbwa, mwambie afisa mifugo. Na kitu kingine, usiweke nyama iliyoganda barafu moja kwa moja kwenye slou kuka. Inakaa masaa kwenye uvuguvugu ambao bakteria wanaupenda. Yeyushia kwenye friji tangu jana yake.

Alafu ile homa ya nguruwe inayofungishaga mabucha kila baada ya muda, hiyo haiambukizi binadamu. Inaua nguruwe na kufilisi mfugaji, na karantini lazima iheshimiwe, lakini wewe haikupati.

SWALI: Umeme ukikatika katikati ya mapishi inakuaje? Huku kwetu hiyo siyo "ikiwa", ni "lini". – Jamaa wa Tabata

JIBU: Ha ha, nakuelewa. Kama upo nyumbani na umekatika mapema, saa ya kwanza ya pili, usisubiri, hamishia kwenye sufuria la kawaida, ongeza kikombe cha maji, maliza kwenye gesi au mkaa moto mdogo. Kama umekatika nyama ikiwa imeshaiva, ina masaa mawili hivi ndani ya sufuria lililofunikwa, baada ya hapo ile au iende kwenye ubaridi. Shida ni pale umetoka kazini unakuta saa ya jiko inapepesa sifuri sifuri na hujui ulikatika lini na kwa muda gani. Hapo mwaga. Najua inauma, kilo na nusu ya mbavu siyo hela ndogo, ila kuonekana imeiva hakutoshi, kuna sumu za bakteria ambazo ukipasha tena hazitoki.

Na mlioniuliza kuhusu LUKU: sufuria la wati 250 likiwaka masaa nane ni uniti mbili. Kwa kweli linakula chini ya jiko la umeme la kawaida, pasi yako tu ina wati elfu moja na zaidi.

SWALI: Asalaam aleikum anti, sisi kitimoto hatuli ila mbavu tunapenda. Hayo mapishi yanakubali mbuzi? – Bi Mkubwa, Tanga

JIBU: Waaleikum salaam bi mkubwa. Yanakubali ng'ombe vizuri kuliko mbuzi. Mbavu za ng'ombe zile nene fupi, buchani mwambie akukatie mfupa mmojammoja wenye nyama juu yake, LOW masaa nane mpaka tisa, viungo vilevile ila punguza sukari ongeza pilipili manga. Mbuzi mbavu zake ni nyembamba, nyama ni kidogo na ikipitiliza unabaki na mifupa na nyuzi, mi ningezichoma tu. Kama lazima iwe mbuzi chukua mguu wa mbele na bega, masaa saba nane, tangawizi na kitunguu saumu kwa wingi. Kwenye sosi tumia ukwaju wako wa kawaida badala ya siki. Na ule moshi, fanya kama wapishi wa biriani: nyama ikiwa kwenye sinia, weka kibakuli kidogo cha chuma katikati, tia kaa la moto, dondoshea samli, funika dakika tano.

SWALI: Anti mimi niko Eldoret na sina slou kuka na sitanunua. Niko na gesi na jiko la makaa. Mbavu nitakula ama sitakula? – Mlaji

JIBU: Utakula. Paka viungo vilevile, usiku kucha vilevile. Chukua sufuria nzito yenye mfuniko unaokaa, vitunguu chini, nusu kikombe cha maji maana hapo mvuke utatoka, moto wa gesi mdogo kabisa, masaa mawili mpaka mawili na nusu, ukichungulia kila nusu saa isije ikakauka. Isichemke kwa fujo, iwe inatoa kipovu kimoja kimoja. Mwenye oveni afunge ubavu na foili mara mbili, digrii 135, masaa mawili na nusu hadi matatu. Kisha makaa na sosi kama nilivyomwambia Mama Wawili. Watakaokula hawatajua ilipikwa kwenye nini.

SWALI: Naweza kutumia hiyohiyo slou kuka kwa maharage mekundu? Nataka niweke makavu asubuhi nile na mbavu jioni. – Mwanachuo, Dodoma

JIBU: Makavu moja kwa moja, hapana, na hili usilichukulie kirahisi. Maharage mekundu yana sumu yake ya asili ambayo inakufa kwenye kuchemka kwa nguvu. Kwenye joto la chini haifi, na maharage yaliyopashwa nusunusu yanaweza kuumiza tumbo kuliko hata mabichi. Loweka usiku, mwaga maji, chemsha kwenye gesi na maji mapya yakitokota kabisa angalau dakika kumi, nusu saa ni bora, alafu ndo uyahamishie kwenye slou kuka. Yaweke na mfupa wa mbavu uliobaki jana. Chumvi onja kwanza, ule mfupa unayo.

SWALI: Ule mchuzi unaobaki chini baada ya kutoa mbavu, unamwaga? Ni mwingi na una mafuta sana. – Mama Wawili tena, Kimara

JIBU: Umerudi! Usimwage. Chuja, weka kwenye friji mpaka mafuta yagande juu, yabandue. Hayo mafuta ni safi, kaangia viazi au ndizi, hautajuta. Chini utakuta mchuzi uliokaza unatikisika, ile ndo jelatini niliyokua naisema. Chukua kikombe kimoja, chemsha kwenye sufuria ndogo ubaki nusu, changanya kwenye sosi yako ya kupaka kabla haijapata chumvi, kwa sababu viungo vyote vya jana vimo humo na vina chumvi tayari. Unaobaki gandisha kwenye vikombe vya barafu, utie kwenye mboga wiki nzima. Ila usiutumie kulowekea mbavu nyingine mbichi, anza upya.